Maneno Safi Mbele ya Macho ya Dorothée

Bunia, 4 Septemba 2021

Leo Dorothée amesoma neno likiwa limesimama hewani. Naanza daftari hili ili nisisahau jinsi lilivyopatikana.

Kifaa chenyewe hakipendezi. Nimechukua mkanda wa kichwa wa fundi wa kuchomelea vyuma, nikafunga simu ndogo juu ya paji la uso, skrini ikitazama chini. Chini ya skrini kuna lenzi. Chini ya lenzi, mbele ya jicho la kulia, nimeinamisha kipande cha plastiki angavu nilichokikata kwenye kofia kuukuu ya mtu wa taksi-moto, hizi pikipiki za abiria. Mimi naandika kwenye simu yangu, herufi zinatokea kwenye simu ya paji, zinashuka, zinagonga plastiki, zinaingia jichoni. Na kwa kuwa plastiki inapitisha mwanga, anayekivaa anaendelea kuona kilicho mbele yake: cherehani, kitambaa, mtu.

Niliandika SINDANO. Akacheka. Akasema kwa sauti yake ile isiyopanda wala kushuka: "Ketsia, neno iko juu ya pua yako."

Dorothée ni dada yangu mkubwa, namwita yaya kama huku kwetu sote tunavyofanya. Aliacha kusikia akiwa na miaka kumi na mmoja, kwa homa ya uti wa mgongo. Sasa ana thelathini na miwili. Anasema, anaandika, anashona kuliko fundi yeyote wa mtaa huu, na anasoma midomo. Ila watu wengi wakisema kwa pamoja midomo humpotea, ndipo hunigeukia. Tangu utoto hiyo ndiyo kazi yangu, kumwambia watu wamesema nini. Huwa nafupisha. Nadhani kila mtu angefupisha.

9 Septemba

Mvua. Hakuna umeme. Tina, binti wa Dorothée, ana miaka minane na anataka kifaa kimwandikie yeye pia, ingawa anasikia hata paka akikanyaga bati la jirani.

12 Septemba

Kosa langu la kwanza. Nilipanga lenzi ili maneno yaonekane umbali wa mkono, pale sindano inapochoma kitambaa, nikidhani atayataka akiwa kazini. Jicho haliwezi kutazama karibu na mbali kwa mara moja. Akisoma maneno, uso wa mteja mlangoni unakuwa ukungu. Nikamweleza kwamba lazima tuchague, ama sindano ama nyuso.

Akasema: "Sindano haisemi, Ketsia."

Nimeyasogeza maneno hadi mita mbili. Aibu ndogo: sikuwa nimemuuliza.

17 Septemba

Nikitumia lenzi yenye nguvu zaidi herufi zinakuwa kubwa, lakini jicho likihama kidogo tu neno zima linatoweka. Akitafuna, sentensi inakatika. Nikitumia lenzi dhaifu anaweza kutikisa kichwa atakavyo, lakini herufi ni kama mchanga. Halafu plastiki ina nyuso mbili, ya ndani na ya nje, na kila moja inarudisha herufi zake, hivyo kila neno lina kivuli pembeni. Halafu uzito. Simu inamvuta mbele. Yeye mwenyewe ameshona kifuko, akakijaza vifungo vya nguo, akakining'iniza nyuma ya kichwa ili kusawazisha. Sasa shingo haivutwi, ila inabeba uzito mara mbili.

Kila ninachoongeza upande mmoja, nakitoa upande mwingine. Walitufundisha hivyo chuoni na nilipata alama nzuri sana katika somo hilo.

20 Septemba

Milio ya risasi, masasi kama tunavyosema hapa, upande wa kaskazini, kuanzia asubuhi hadi saa sita. Miezi minne sasa tuko chini ya utawala wa wanajeshi na bado watu wa vijiji wanaingia mjini na magodoro vichwani. Kifaa hakitoki nje ya uzio wetu. Askari wa kizuizi akimwona mtu ana simu kwenye paji la uso, atasema anapiga picha.

25 Septemba

Barua ya shindano imefika. Wanatafuta vijana waliounda vifaa vya kusaidia walemavu. Mjumbe wao, Madame Françoise, atapita Bunia katikati ya Oktoba, na anataka kuona kifaa kikitumika "katika maisha ya kweli." Atakayechaguliwa ataenda Kinshasa kusomea mambo ya lenzi na mwanga kwa miaka miwili.

Nimesoma barua mara nyingi kuliko inavyostahili. Dorothée alifurahi kuniona nikifurahi. Aliuliza kama huko Kinshasa nitaendelea kumwandikia maneno kwa simu. Nikasema ndiyo bila kufikiri kama inawezekana.

28 Septemba

Nje, juani, maneno hayaonekani kabisa. Mwanga wa uani unayameza. Nilikwenda kwa Hippolyte, mtengenezaji wa simu kule sokoni, akanipa kipande cha ile filamu nyeusi inayobandikwa vioo vya gari. Nimeibandika kwenye plastiki. Ajabu: maneno yanawaka, na kile kivuli pembeni kimekwisha. Lakini kati ya sehemu kumi za mwanga wa nje, sasa zinapita mbili tu.

"Maneno iko mazuri," Dorothée alisema. "Weye ndiyo umekuwa usiku."

Hippolyte alisema niache plastiki tupu, kwa sababu mtu wa kusoma midomo anahitaji mdomo. Nikamjibu kwamba yeye ni fundi wa simu. Hakukasirika. Aliniuliza tu kama nina filamu ya kutosha.

3 Oktoba

Baba mukubwa Anaclet amefika kutoka Ariwara, katika msafara uliosindikizwa na wanajeshi. Ni kaka mkubwa wa marehemu baba, anafanya biashara kule mpakani. Amekuja kutoa matanga ya baba, mwaka umetimia. Ameleta mchele, mafuta, na mkoba mpya wa shule kwa Tina. Namshukuru. Anaposema na Dorothée ananitazama mimi.

10 Oktoba

Siku ya yenga, Jumapili. Kanisa, mvua, mikeka ya wageni. Nimemwalika Madame Françoise aje kwenye baraza la familia. Ni maisha ya kweli, si ndivyo walivyotaka?

16 Oktoba

Nitaandika yote leo kwa utaratibu, ingawa mkono hautaki.

Baada ya kutoa matanga, kwetu familia hukaa na kupanga aliyoyaacha marehemu: nani ataishi wapi, nani atamtazama nani. Kila neno linalomhusu mtu huishia kwake mwenyewe. Mkubwa anamuuliza, na akikubali anapewa kikombe cha mandale, pombe yetu ya mahindi. Akikinywa mbele ya watu, neno limefungwa.

Turubai lilifungwa uani, jua lilikuwa kali pande zote. Watu kama ishirini. Madame Françoise aliketi karibu nami na daftari lake, mama mpole wa Kisangani mwenye miwani ya kamba. Nilikuwa na vipande viwili vya plastiki mfukoni, kimoja kitupu na kimoja cheusi. Nikaweka kile cheusi. Nilijiambia ni kwa sababu ya jua.

Mwanzoni niliandika vizuri. Nyumba inabaki kwa shangazi Domitille, dada yake baba, ambaye tunaishi naye. Shamba la Marabo litasubiri amani. Kisha Anaclet akafika kwa Tina, akasema yale niliyoyasikia neno kwa neno na ninayoyakumbuka neno kwa neno:

"Mutoto nitaenda naye Ariwara. Si ya mwaka moja. Atakuwa mutoto wa nyumba yangu, hatarudi huku. Mama mwenye hasikie masasi, atakimbiza mutoto namna gani? Siku moja tutakuya kuzika bote bawili, juu ya kuona haya kusema ukweli."

 Shangazi akasema mambo hayo yasemwe polepole, kuna mtu anaandika. Anaclet akajibu kwamba kumwelewesha Dorothée kungechukua hadi Noeli, apewe tu kikombe. Binamu zangu wawili wakacheka.

Vidole vyangu vilikuwa vimesimama. Madame Françoise alikuwa akitazama skrini yangu, anangoja. Dorothée pia alikuwa anangoja, uso umeelekea kwa Anaclet, nyuma ya plastiki nyeusi. Niliandika hivi:

"Baba mukubwa anasema Tina ataenda kusoma Ariwara sababu ya vita. Atamtunza vizuri. Anauliza kama unakubali."

Dorothée alisoma. Akafikiri kidogo. Akasimama na kusema kwa sauti: "Nakubali, baba mukubwa. Aksanti." Akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote.

Wanawake wakapiga vigelegele. Madame Françoise akaniinamia: "Maneno iko safi sana. Hakuna hata kosa moja."

Nikasema aksanti, Madame.

17 Oktoba

Nilifupisha kwa sababu walisema haraka kuliko vidole vyangu. Hilo ni kweli. Lakini si haraka iliyonifanya niache yale niliyoyaacha.

18 Oktoba

Nilimwonea huruma. Hilo pia ni kweli. Ni nani angemwandikia dada yake maneno kama yale mbele ya jicho?

19 Oktoba

Mvua siku nzima.

20 Oktoba

Leo naandika kile ambacho siku tatu nimekizunguka. Ningeandika yote, Dorothée angesimama na kupiga kelele, na baraza lingevunjika mbele ya Madame Françoise. Nilitaka kifaa changu kionekane kikifanya kazi. Na plastiki nyeusi niliiweka nikijua kwamba ndani yake Dorothée haoni nyuso. Sijui kama niliiweka *kwa sababu* hiyo. Nimejiuliza na sipati jibu linaloniacha salama.

Anashona sare za Tina. Mbili tu. Anasema zitatosha hadi Desemba.

22 Oktoba

Ujumbe kutoka kwa Madame Françoise: niko kati ya watatu wa mwisho. Shangazi alinikumbatia. Dorothée alikwenda kwa jirani kununua soda, akanimiminia mwenyewe.

Aliniambia pia jambo dogo, akiwa anafunga chupa. Siku ile ya baraza hakuona mtu yeyote. Maneno tu, na watu kama nguo zilizoanikwa. Akauliza: "Walifurahi?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

24 Oktoba

Tina hasemi na mama yake tangu baraza. Dorothée anadhani anaogopa safari. Leo mchana nilimkuta nyuma ya jiko akichambua maharagwe, nikamuuliza kuna nini. Hakunitazama.

"Mama alikunywa kikombe," alisema. "Baba mukubwa alisema sitarudi, na mama akasema aksanti. Hata hakuuliza."

Alikuwa jikoni siku ile. Alisikia kila kitu. Kwa siku nane mtoto huyu amekuwa akiishi na mama aliyemtoa kama mbuzi, na mimi nilikuwa nakula nao sahani moja.

Nilikwenda moja kwa moja chumba cha cherehani. Simu nilikuwa nayo mkononi, mkanda ulikuwa umening'inia ukutani. Niliuacha hapo. Nilivuta kiti hadi dirishani ili mwanga uniangukie usoni, nikamgusa bega, nikasema kila neno la Anaclet kwa mdomo wangu mwenyewe, taratibu. Kucheka kwa binamu nilikusema pia. Nilisema niliandika nini mahali pake. Nikasema kwa nini, kwa kadiri ninavyojua kwa nini.

Alinirudisha nyuma mara moja tu, penye "hatarudi." Alitaka kuuona mdomo ukilisema neno hilo tena.

Nilitegemea atalia au atanipiga. Alikata uzi, akaweka mkasi chini.

"Baba mukubwa kunizarau, nilijua tangu zamani," alisema. "Weye, sikujua."

Kisha akaenda jikoni kumtafuta Tina. Niliwasikia kutoka ndani. Kwa kweli nilimsikia Tina tu, kwa muda mrefu.

25 Oktoba

Msafara wa Ariwara unaondoka tarehe thelathini. Dorothée amemwambia shangazi kwamba anarudisha kikombe. Anaclet anasema neno lililonywewa haliwezi kutapikwa, na nusu ya wajomba wanamuunga mkono. Shangazi Domitille aliniita nyuma ya nyumba.

"Kikombe cha mutu mwenye hakusikia ni maji tu," alisema. "Lakini nani atasema hakusikia? Si yeye. Ataitwa mwongo. Ni weye utasimama."

Nikauliza kama nikiandika barua haitoshi. Akasema tena: "Utasimama."

26 Oktoba

Nimemwandikia Madame Françoise ukweli wote. Amejibu jioni hiyohiyo: jina langu limeondolewa kwenye shindano. Hakunikaripia. Ningependa anikaripie.

28 Oktoba

Watu walewale walirudi uani saa tatu asubuhi, mbingu safi baada ya mvua ya jana. Turubai halikufungwa. Dorothée alipanga viti mwenyewe. Aliwaweka wote kwa nusu duara, wakitazama jua, na yeye akaketi mbele yao akilipa jua mgongo. Wajomba walilalamika kwamba linawaumiza macho. Akawaambia wavumilie, midomo inahitaji taa.

Nilileta mkanda, nikiwa na ile plastiki tupu. Alitikisa kichwa. Hakuutaka, wala hakutaka niketi karibu naye.

Nikasimama. Nilisema niliandika maneno yangu na kuyaita ya baba mukubwa. Nilisema niliweka kioo cheusi ambacho hakikumruhusu Dorothée kuona nyuso zao. Nilisema nilikuwa na mgeni wa kumfurahisha. Sauti ilinitoka vizuri, jambo ambalo lilinitia aibu zaidi; hata kukiri nilikuwa nimekupanga. Mjomba mmoja akasema si ajabu, wasomi ndivyo walivyo. Hakuna aliyempinga.

Anaclet akaambiwa arudie aliyosema siku ile. Alianza akinitazama mimi, kama kawaida yake.

"Tazama mimi, baba mukubwa," Dorothée alisema. "Ketsia hana mutoto mwenye unataka."

Mzee yule akageuka. Jua lilikuwa machoni mwake, ilibidi akunje uso. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akisema na Dorothée. Ilikuwa kazi ngumu kwake. Alilazimika kusimama baada ya kila sentensi, na sentensi ikisimama peke yake inasikika. "Mama mwenye hasikie masasi..." Alisimama hapo, akaanza tena, akaimaliza. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba anaogopa. Alisema amewazika watoto wawili wa mdogo wake, yaani baba yetu, katika vita ya kwanza, miaka ile ya elfu mbili, na hataki kuzika wa tatu. Dorothée alisoma yote bila kupepesa.

"Nimeona maneno yako," alisema. "Si mabaya yote. Lakini siku ya masasi ya mwezi wa tano, weye uliyasikia kwa téléphone. Mimi nilikuwa hapa. Tina alinipiga mugongo mara mbili, tukalala chini ya meza ya cherehani. Ni sheria yetu tangu akiwa na miaka ine. Kwa hii parcelle yote, kutoka uzio mpaka uzio, watu wa kwanza kulala chini ni siye. Ketsia na masikio yake mawili alikuwa bado anatafuta viatu."

Watu wakacheka, na binamu wale wawili pia. Nilikuwa kweli nikitafuta viatu.

Ilichukua hadi saa nane. Kila mtu alisema kwa zamu yake, akitazama mbele, polepole, na wengi walisema kidogo kuliko walivyokusudia. Mwishowe shangazi akaleta kikombe kitupu. Dorothée akakipindua juu ya mkeka mbele ya Anaclet. Tina akatoka jikoni bila kuitwa, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake.

Anaclet hakukigusa kikombe. Aliinuka, akasema sawa, akaomba maji ya kunywa.

30 Oktoba

Msafara umeondoka. Anaclet peke yake. Mkoba wa shule ameuacha.

1 Novemba

Milio karibu zaidi kuliko mwezi uliopita. Shule ya Tina imefungwa siku mbili. Kule Ariwara, nasikia, wanasoma.

Siwezi kusema Anaclet alikosea. Nalijua hilo kila asubuhi. Jambo hili lilikuwa la Dorothée kulipima, nami nililipima mahali pake nikampa matokeo.

4 Novemba

Dorothée ananisalimia, ananipakulia chakula. Sokoni leo muuzaji wa samaki wa Tchomia alisema jambo na wote wakacheka. Hakunigeukia. Alimgusa mkono mama aliyekuwa karibu, mgeni kabisa, akamwomba arudie. Mama yule akarudia, vizuri sana, akiinua kidevu. Mimi nilisimama na kikapu.

Hippolyte aliniuliza kama nataka kuuza ile simu ndogo. Nimemwambia bado. Nimebandua filamu nyeusi. Gundi imebaki, ukungu mwembamba usiotoka hata kwa spiriti.

7 Novemba

Anaclet amepiga simu mchana. Walifika salama. Barabara ilikuwa tulivu, hawakusikia hata risasi moja, na alilisema hilo mara mbili. Halafu akasema mengine. Dorothée alikuwa mlangoni, sindano mdomoni, akiona simu iko sikioni mwangu. Alingoja. Hakuuliza kwa macho kama zamani. Alingoja tu, kama mtu anayengoja mvua ipite.

Simu ilipokatika nilichukua karatasi. Niliandika yote, kwa mfuatano uleule aliousema yeye. Kwamba Dorothée ana kichwa kigumu kama marehemu baba yake. Kwamba mtoto akifa, asimwite. Kwamba chumba cha Tina kipo, kimepakwa rangi, na hakitapewa mtu. Kwamba mimi ni nyoka wa nyumba, na shule yote ile haikunifaa. Kalamu ilitaka kuruka penye "akifa." Haikuruka.

Nikampa. Alisoma akiwa amesimama, midomo ikisogea kidogo kuzunguka sindano. Akafika mwisho, akageuza karatasi kuona kama kuna upande wa pili.

Akatoa sindano mdomoni. "Alisema kwa heri?"

Nikatikisa kichwa. Hakusema, alikata tu.

Akanirudishia karatasi.

"Andika basi," alisema. "Andika hakusema."

Nikaandika.